Kanuni ndani ya kinanda: shajara ya kuunganisha Yamaha na kishikwambi

Jumapili. Kuanza

Kikundi chetu cha taarabu hufanya mazoezi Ilala, uani kwa mzee wetu wa fidla. Tuna fidla, udi, akodiani, dumbaki, rika na kinanda. Kanuni, ala ya nyuzi ya kulaza mapajani, ipo pia, ila ipo juu ya kabati. Ubao wake mzima, ngozi ya samaki chini ya daraja bado imekaza, lakini nyuzi nyingi zimekatika, na aliyekuwa akiipiga amehamia Tanga kwa wanawe. Kanuni kamili ya aina hii ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti, noti 26 kwa jumla. Nyuzi zake nimezitafuta madukani hapa Dar na sijazipata.

Nia ya mradi ni kinanda kiweze kupiga kwa sauti ya kanuni hii hii, ya mzee, iliyopigwa kwenye harusi za wazazi wetu. Kinanda chetu kina sauti zake nyingi za nyuzi na ni nzuri, ila hii haimo. Kwa hiyo sauti tutairekodi, itakaa kwenye kishikwambi, na kinanda kitakuwa cha kupigia tu.

Nimejiwekea masharti mawili na sina nia ya kuyalegeza. Kwanza, sauti itoke pamoja na kidole. Pili, robo toni, zile noti za kati ya ufunguo na ufunguo, zisikike. Likikosekana la kwanza mpigaji atapotea ndani ya wimbo. Likikosekana la pili hatuna Rasti, mmoja wa mipangilio ya noti ya taarabu, tuna kitu kingine chenye mashairi ya taarabu.

Vifaa tulivyo navyo: Yamaha PSR-E373 ya kikundi, funguo 61, na kishikwambi cha Android chenye tundu la USB-C na tundu la hedifoni, cha dada yetu mwimbaji. Dada ni mwalimu, na anacho kingine, kile walichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Hicho ni cha kazi ya shule, hatukigusi.

Jumatatu. Kariakoo

Siku ya waya. Nyuma ya kinanda kuna tundu la mraba lililoandikwa USB TO HOST. Waya wake ni ule ule wa printa: upande mmoja mraba, upande wa pili bapa. Upande bapa hauingii kwenye kishikwambi, kwa hiyo inahitajika adapta ya OTG ya kutoka USB-C, ile ya kukifanya kishikwambi kipokee vifaa vingine.

Hapa ndipo watu wengi hukwama wakasema kinanda kibovu. Kwenye USB lazima mmoja awe mwenyeji na mwingine awe mgeni. Kishikwambi kikichomekwa kwenye kompyuta kinakuwa mgeni. Kwa kinanda lazima kiwe mwenyeji, na hakiwezi kujua hilo mpaka adapta ikiambie. Kwenye matundu ya zamani ya micro-USB, pini ya nne iliunganishwa na ardhi. Kwenye USB-C kazi hiyo inafanywa na rezista ndogo ya kiloomu 5.1 kwenye pini iitwayo CC. Adapta isiyo na rezista hiyo kwa macho ni sawasawa na iliyo nayo. Na waya za kuchajia tu, zisizo na nyuzi za data, nazo zimejaa sokoni.

Kwa hiyo nilikwenda Mtaa wa Aggrey na mausi ya kompyuta mfukoni. Kipimo ni rahisi: chomeka adapta kwenye kishikwambi, chomeka mausi kwenye adapta, tazama kioo. Mshale ukitokea, adapta ni ya kweli. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hizi zote OTG, chagua rangi tu." Tukaanza kupima. Zilizoandikwa OTG kwenye paketi si zote zilizoleta mshale. Yeye mwenyewe akavutiwa, akaomba mausi, akaanza kutenga boksi lake mafungu mawili huku wateja wengine wakisubiri. Nilimwachia mausi apime mpaka mwisho, maana kesho atakuja mtu mwingine kutafuta kama mimi.

Waya wa printa nimechukua wa mita mbili. USB ya kawaida inaruhusu hadi mita tano, ila waya mrefu ukumbini ni wa kukanyagwa.

Jumanne usiku. Vimeshikana

Kuunganisha kwenyewe hakukuchukua muda. Washa kinanda kwanza, chomeka waya, kishikwambi kikauliza kama programu iruhusiwe kutumia kifaa cha USB, nikakubali. Programu niliyoweka inasoma faili za SoundFont, yaani faili zenye sauti za ala zilizorekodiwa, na injini yake ni FluidSynth, ambayo ni programu huria. Android imekuwa na njia yake rasmi ya MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki huzungumza kwa waya, tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015. Kishikwambi cha toleo la nyuma ya hapo nisingehangaika nacho.

Nikabonyeza do ya katikati. Kwenye kioo ikaonekana noti 60, nguvu 74. Spika ya kishikwambi kimya kabisa. Nikaongeza sauti, kimya. Kijana wetu wa dumbaki, aliyekuwa ameinamia kinanda, akanyanyua kichwa: "Kaka, mbona inatokea huku?"

Kweli, ilikuwa ikitokea kwenye spika za kinanda, sauti mbili kwa pamoja: piano ya kinanda na piano ya kishikwambi zimepandana. Sababu ni kwamba PSR-E373, kupitia waya ule ule mmoja, inapokea pia sauti yenyewe, na Android ikiona kifaa cha USB chenye sauti huielekeza huko bila kuuliza.

Piano mbili kupandana kuna dawa yake. Kwenye menyu ya kazi za kinanda kuna mpangilio uitwao Local. Ukizimwa, funguo zinaachana na sauti za ndani ya kinanda. Zinatuma habari nje tu. Kwenye lugha ya MIDI ni amri namba 122: sifuri ni kuzima, 127 ni kuwasha. Nikazima, ikabaki sauti moja.

Kijana akauliza swali zuri: sauti inakwenda kwenye kishikwambi halafu inarudi? Hapana. Kinachokwenda si sauti. Ukibonyeza ufunguo, kinanda kinatuma namba tatu fupi: kitendo na chaneli yake, noti ipi kati ya 0 na 127, na nguvu kiasi gani, nayo kati ya 0 na 127. Ukiachia, habari nyingine. Basi. Sauti inatengenezwa huko habari inakofikia, ndiyo maana kidole kile kile kinaweza kuwa piano, filimbi au kanuni ya Ilala. Nikamweleza na asili yake: Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko Marekani, waliunganisha Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vinanda vya makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana sokoni, na kimoja kikapigwa kupitia kingine. Dave Smith Mmarekani na Ikutaro Kakehashi Mjapani ndio wanaotajwa zaidi kwa kazi hiyo. Kwenye waya wa pini tano wa wakati ule mwendo ni biti 31,250 kwa sekunde, na habari ya noti moja inapita kwa chini ya milisekunde moja. Kijana alitaka kuziona namba zenyewe, akakaa anabonyeza ufunguo mmoja taratibu, kisha kwa nguvu, akitazama ile namba ya tatu inavyopanda na kushuka. Nikamwachia.

Alhamisi. Kidole na sauti

Leo ni siku ya sharti la kwanza.

Dada alikuja na spika yake ya Bluetooth, kubwa, yenye besi nzuri, akashauri tuitumie tuache waya. Tulijaribu. Spika za Bluetooth za kawaida huchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, mara nyingi mbali zaidi ya hapo. Kwa wimbo wa kusikiliza hakuna anayejua. Kwa mpigaji ni habari nyingine: wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125. Maana yake noti uliyoipiga sasa inatua palipotakiwa noti inayofuata. Kijana alipiga dumbaki, mimi nikapiga kinanda, tukashindwa kumaliza hata mkondo mmoja bila kuanza kusubiriana, na mwendo ukazidi kuzama. Dada mwenyewe akaizima spika yake.

Bila Bluetooth bado kuna kuchelewa, kwa sababu kishikwambi kinatengeneza sauti kwa mafungu. Fungu hilo ndilo bafa, na programu inakuruhusu kuchagua ukubwa wake. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipimo vya sauti, bafa ya 1024 ni milisekunde 21 na kidogo. 512 ni karibu 11. 256 ni 5 na kidogo. 128 haifiki 3. Juu ya hapo mfumo wenyewe unaongeza ya kwake. Ukipunguza mno, kichakataji hakiwahi, sauti inatoka na michirizi kama redio isiyokamata stesheni. Kwetu 128 ilichirizika nilipotetemesha noti kwa mikono miwili. 256 ilitulia.

Halafu nikataka kujua ipi ni njia ya haraka: sauti kurudi kwa waya wa USB, au kutoka kwenye tundu la hedifoni la kishikwambi kwa waya mdogo na kuingia AUX IN, tundu la kinanda la kupokea sauti. Masikio peke yake hayaaminiki usiku. Nikalaza simu juu ya kinanda, nikawasha kurekodi, nikagonga ufunguo kwa ukucha. Kwenye rekodi unasikia "tok" ya plastiki, kisha noti. Ukiifungua faili na kuivuta iwe kubwa, unaona mlima mdogo, nafasi tupu, mlima mkubwa. Nafasi tupu ndiyo ucheleweshaji wote, kuanzia ukucha hadi spika. Kwa USB nafasi ile ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya AUX. Kwa hiyo tunatumia AUX.

Ili kishikwambi kiache kupeleka sauti USB, kuna njia ndani ya Android: ingia Mipangilio, ukurasa wa habari za kifaa, gonga namba ya muundo mara saba, zitafunguka chaguo za wasanidi programu, humo ipo swichi ya kuzima sauti kuelekezwa kwenye vifaa vya USB yenyewe. Ukishaiweka, habari za MIDI zinapita USB na sauti inapita waya wa hedifoni, kila mmoja na njia yake.

Mzee wa fidla alipofika nikamwamkia na kumwomba asikilize. Hakuuliza habari za bafa. Alikaa mahali pake, mita tatu hivi kutoka kwenye spika, akasema inafika. Nilifurahi, na nikapiga hesabu: sauti hewani huenda karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita tatu ni milisekunde tisa. Wanamuziki wetu wameishi na ucheleweshaji wa kiasi hicho miaka yote, kwa kukaa tu kwenye duara. Ndani ya kiasi hicho mkono unajirekebisha wenyewe. Ukivuka sana, unapigana nao.

Jumamosi, baada ya swala ya isha. Kurekodi

Nilisubiri usiku kwa ajili ya mtaa. Mchana Ilala hairekodiki. Feni tumezima, madirisha tumefunga, joto la kukamua shati.

Mzee aliishusha kanuni mwenyewe, akaifuta vumbi kwa kanga, akaiweka mapajani. Nyuzi zilizobaki alizikaza moja moja kwa ufunguo wake mdogo, kwa sikio, akianzia do. Akavaa pete kwenye vidole vya shahada, akachomeka risha za kupigia nyuzi. Maikrofoni ni ya simu, shubiri mbili juu ya nyuzi, upande wa daraja. Kurekodi ni WAV, sampuli 48,000, chaneli moja.

Utaratibu: noti moja, polepole, mpaka sauti ife yenyewe. Kisha noti ile ile kwa nguvu. Kisha inayofuata. Hii kazi ya kusubiri sauti ife ni ngumu kuliko inavyosikika, maana uzi mnene wa chini unaimba sekunde kadhaa, na sekunde hizo hakuna ruhusa ya kukohoa. Bodaboda ilipita nje katikati ya sol. Mzee hakuniangalia, aliinua kidole, akangoja mlio wake uishie kona ya mtaa, akapiga sol upya.

Baadhi ya noti zilikuwa na uzi mmoja tu kati ya mitatu. Hizo zina sauti nyembamba, na tulikubaliana kuziruka na kuazima noti ya jirani. Kwenye SoundFont sampuli moja, hapa maana yake rekodi ya noti moja, inaweza kufunika funguo kadhaa, programu inaipandisha au kuishusha yenyewe. Hadi nusu toni mbili kila upande haijulikani. Ukienda mbali zaidi, shambulio la risha linakuwa fupi mno kwa juu au zito kwa chini, na kanuni inapotea.

Nilipomsikilizisha alinitahadharisha kitu ambacho nilikuwa nimekipanga kukifanya. Kabla ya kila noti kuna mkwaruzo mdogo wa risha kugusa uzi. "Mwanangu, huo usiukate. Mtu akiusikia huo ndio anajua kuna mkono." Nimeuacha. Nimekata kimya cha mbele tu, hadi pale mkwaruzo unapoanza, kwa sababu kimya hicho nacho kingeongeza kuchelewa: mwanzo wa sampuli ukiwa na milisekunde 30 tupu, kazi yote ya Alhamisi inapotea.

Tulimaliza usiku mwingi. Mzee hakuirudisha kanuni kabatini. Aliiacha mkekani, akawa anapitisha kidole kwenye nyuzi zilizobaki huku tunakunja waya.

Jumatano. Robo toni

Sharti la pili. Kwa hili nimetumia kompyuta ya rafiki na programu ya bure iitwayo Polyphone, ya kutengenezea SoundFont.

Kwa asiyejua: kinanda kimegawa oktava nusu toni 12 zilizo sawa, na kila nusu toni inahesabiwa senti 100. Rasti ikianza do, noti zake za tatu na ya saba, mi na ti, hukaa kati ya ufunguo na ufunguo. Kinanda chetu hakina gurudumu la kupinda noti, na hata kingekuwa nalo, kupinda kunavuta noti zote za chaneli moja kwa pamoja. Ukishika do na mi, zote zinashuka. Kwa hiyo mpindo lazima uwe ndani ya faili yenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Kila sampuli ina eneo lake la funguo. Mi zote za kinanda, namba 40, 52, 64, 76 na 88, nimezitoa kwenye maeneo ya jirani nikazipa maeneo yao peke yao. Ti zote vilevile: 47, 59, 71, 83 na 95. Kisha kwenye sehemu ya senti nikaandika -50 kwa zote. Kila eneo nimelirudia mara mbili, sampuli laini kwa nguvu iliyo chini ya 80, kali kwa 80 na kuendelea.

Jioni nikapeleka faili kwa mzee. Nikapiga do, re, mi, fa, sol taratibu, yeye akinifuata kwa fidla. Kwenye mi akasimama.

"Iko chini."

"Mzee, hiyo ndiyo nusu ya nusu toni kamili."

"Inawezekana. Lakini ya Rasti inakaa juu ya hapo. Ipandishe, kidogo tu."

Nikaweka -45. Akatikisa kichwa. Nikaweka -40, nikapiga tena, na safari hii fidla haikusimama. Ilipita mi, ikapanda mpaka do ya juu, ikarudi. Ti aliikubali kwenye -45. Nikamuuliza kuhusu Bayati, mpangilio mwingine wa noti, unaoanza re na kupita mi ile ile. Akaipiga kwenye fidla bila maneno, na kweli, mi ya Bayati ni ya chini kuliko ya Rasti. Sikio langu lilikuwa limezisikia zote mbili miaka yote bila kuzitenganisha. Kwa hiyo faili itakuwa na sauti mbili, Kanuni Rasti na Kanuni Bayati, kila moja na senti zake, na senti hizo ni za mkono wa huyu mzee. Nimeziandika kwenye daftari kwa wino.

Kuna gharama yake, na mpigaji aijue. Kwenye sauti ya Rasti, mi na ti za kawaida hazipo tena. Nahawandi, mpangilio mwingine tena, kutoka do inaweza kupigwa kwa sehemu kubwa, maana mi bemoli ni ufunguo mweusi na haijaguswa, ila ti ya kawaida itakosekana. Wimbo ukihama katikati, lazima sauti ibadilishwe. Na akodiani yetu haina robo toni kabisa. Mpigaji wake amezoea kuzikwepa mi na ti tukiwa Rasti, na ataendelea hivyo.

Ijumaa. Umeme

Fupi. Kishikwambi kikiwa mwenyeji, tundu lake moja limeshikwa na adapta, hakichaji. Nimepata hubu yenye tundu la kuchajia pembeni. Kwa chaja ya ukutani, mngurumo uliingia kwenye spika kupitia waya wa AUX, kwa sababu kinanda na chaja vilikutana ardhi mara mbili. Kwa pawabenki, kimya. Tunatumia pawabenki. Kinanda chenyewe kinakubali betri sita za AA, kwa hiyo kikiwa kinatumia betri, umeme ukikatika katikati ya shughuli kinanda na kishikwambi havizimi. Kinachozima ni amplifaya, mpaka jenereta iwake.

Kishikwambi kiwekwe hali ya ndegeni kabla ya kupiga. Simu ikiingia, Android inasimamisha sauti. Na muda wa kioo kuzima uwekwe mrefu kabisa.

Jumapili. Mazoezi na kikundi kizima

Tulianza na bashraf, kipande cha ala tupu. Dada alikuwa amekaa na waitikiaji, hakuwa anaimba, anasikiliza. Nilipiga kama nilivyozoea kinanda, mkono wa kulia wimbo, wa kushoto kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Ikasikika vizuri na haikusikika kanuni. Mzee akasimamisha kikundi. Kanuni haipigwi hivyo, akasema, mikono yote miwili inapiga wimbo mmoja, oktava mbili tofauti, na wa kushoto unachelewa nukta kidogo nyuma ya wa kulia. Akanionyesha hewani kwa vidole vya shahada.

Nikaacha kodi. Oktava mbili, kushoto nyuma kidogo, na kwenye noti ndefu kutetemesha kwa kupokezana vidole. Ile mikwaruzo ya risha aliyonikataza kuikata ikaanza kusikika, ya kulia kisha ya kushoto, kulia kisha kushoto, na mpiga udi akageuka kutazama kama kuna mtu ameishusha kanuni. Dada akaingia kabla ya zamu yake. Nakiri hapa kwamba macho yaliniuma, na sioni haya kuliandika.

Mambo ya kiufundi yaliyoonekana: funguo 61 zinatosha na kubaki, kwa kuwa kanuni yenye noti 26, saba kwa oktava, haifiki oktava nne. Noti za juu kabisa zina nguvu kupita kiasi, nitazipunguza ndani ya faili. Bafa ya 256 haikuchirizika hata mara moja. Waya wa USB uligongwa na mguu wa mtu ukachomoka. Kuurudisha kulihitaji programu kufungwa na kufunguliwa upya, kwa hiyo nimeufunga na mguu wa stendi ili ukivutwa, ivutwe stendi.

Kazi zilizobaki. Kumalizia senti za Bayati na mzee. Kupanga namba za sauti ndani ya faili ziendane na namba ambazo kinanda hutuma mtu anapobadilisha sauti, ili mpigaji ahame Rasti kwenda Bayati kwa kitufe cha kinanda bila kugusa kioo. Nakala ya sampuli zote ghafi, laini na kali, iwekwe sehemu mbili tofauti, kwa kuwa nyuzi zilizobaki zinaweza kukatika wakati wowote. Na kijana wa dumbaki ameomba afundishwe mkono wa kushoto. Tunaanza naye Alhamisi, kwenye Rasti, mwendo wa taratibu.